Kesho ya Karani Nikodemu

Kila asubuhi Kokuberwa alichota maji bombani, akafagia uwanja wa nyumba yao pale Temeke, kisha akashika njia ya ofisi ya serikali. Mkononi alikuwa na fomu ya kuingia shule ya bweni ya wasichana. Ilikosa kitu kimoja tu: muhuri wa kuthibitisha umri wake. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Ijumaa hiyo. Ikipita, nafasi yake angepewa mwingine.

Karani Nikodemu alikuwa na mwandiko mzuri, na alijua. Hakufukuza watu kwa mdomo, aliwaandikia cheti. "Aje kesho," kisha tarehe, kisha sahihi yenye mkia mrefu. Bila cheti hicho, askari wa mlangoni hakukuruhusu kuingia siku ya pili. Kokuberwa alivitunza vyote ndani ya daftari lake. Vilikwisha kuwa kumi na kimoja.

Alhamisi karani alichovya tena kalamu katika wino.

"Shikamoo, bwana karani. Leo siondoki," alisema Kokuberwa.

"Wee binti, una kiburi! Ofisi ina taratibu zake."

"Muhuri huo hapo mezani. Hata kupiga chafya kunachukua muda zaidi."

Watu waliokaa kwenye benchi walicheka. Nikodemu alikunja uso. "Nani kakwambia nakuchelewesha?"

"Wewe mwenyewe." Akapanga vyeti mezani, kimoja kimoja. "Huu si mwandiko wako?"

Mzee Mwinjuma, aliyefuatilia kibali cha kujenga nyumba tangu mwezi wa Mfungo Mosi, aliinuka akapapasa mfuko wa kanzu. "Mie ninavyo tisa." Bi Chausiku, aliyeketi kando yake, akafungua pindo la kanga, akatoa vyake. Meza ikajaa.

"Leo hatutoki!" watu walisema kwa sauti moja.

Karani mkuu, Bwana Gaudens, alitoka chumbani kuuliza kelele zile ni za nini. Akavisoma vyeti vile. Sahihi ni ileile, inasomeka vizuri mno, na wiki ile Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alikuwa anakuja kukagua. Muhuri uligongwa papo hapo. Ijumaa fomu ikafika shuleni. Siku chache baadaye daftari kubwa liliwekwa mlangoni: kila ombi liandikwe siku lilipopokelewa, na lijibiwe ndani ya siku tatu.

Jioni ile Kokuberwa alimuuliza baba yake, Mzee Revelian, mchukuzi wa bandarini.

"Baba, hawakujua zamani kwamba watu wanateseka?"

"Walijua. Lakini ofisi mbovu haimsumbui aliyeketi ndani yake. Serikali hurekebisha kazi zake pale watu wanapokataa kunyamaza, tena wana ushahidi mkononi."

"Bibi husema mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Ni kweli, mwanangu," baba alijibu. "Ila muhuri ule ulikuwa juu ya meza. Cha juu ya meza hakiinamiwi."