Siku Monaka Alipozidiwa na Joto

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Yuelin tulikuwa na zamu ya sungura. Mimi nilifagia kizimba, yeye alibadilisha maji na kukatakata kabichi. Sungura mwenyewe aliitwa Monaka, na shule yetu nzima pale Matsue, Japani, ilimpenda.

Yuelin alihamia kwetu mwezi wa nne kutoka Shenyang, China. Kijapani alikijua vizuri, ila alisema kila kitu waziwazi. "Kotoe, umefagia vibaya. Rudia kona ile," aliniambia siku ya kwanza, mbele ya watoto wa darasa la kwanza. Nilirudia huku nimenuna. Yeye wala hakuona. Alinishika mkono tukaenda darasani.

Mwezi wa saba, mvua zilipokatika, alisema, "Hapa pana unyevu. Tukihamishie kizimba kule ukutani, kwenye jua."

Nilijua jua la mchana lingemuumiza Monaka. Lakini kumkatalia mtu usoni ni aibu. Nikainamisha kichwa. "Mmh... itakuwa vigumu kidogo."

"Usijali!" akajibu.

Wakati wa mapumziko aliwaita wavulana wanne, wakakibeba. Niliwaona kutoka dirishani. Nikanyamaza, nikijiambia kwamba nimeshamwambia.

Baada ya chakula cha mchana tulimkuta Monaka amelala ubavu, anahema mbiombio, masikio yanawaka moto. Yuelin alipiga kelele. Mwalimu Tabuchi alikuja mbio, akamweka kivulini, akamfunika masikio kwa taulo mbichi, kisha akampeleka kwa daktari wa mifugo.

"Mbona hukuniambia?" Yuelin aliniuliza huku analia.

"Nilikuambia! Nilisema ni vigumu!"

"Nikadhani ni vigumu kukibeba! Ndiyo maana nikawaita wavulana!"

"Vigumu maana yake hapana. Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui! Kwetu rafiki akiona unakosea anakwambia. Mnagombana, halafu mnaenda kula."

"Niliogopa utakasirika," nikasema. "Hata mimi nilikasirika uliponisema kuhusu kufagia. Wiki nzima."

Yuelin aliacha kulia. "Wiki nzima? Na ulikuwa unanichekea kila siku?"

Mwalimu Tabuchi alirudi jioni na Monaka kikapuni, mzima lakini mchovu. Tulimweleza yote, kisha tukakirudisha kizimba kivulini sote watatu.

"Kotoe," mwalimu alisema, "kuwa mpole si kosa. Lakini ulijua kuna hatari, ukamwachia mwenzako akisie. Leo upole wako haukumsaidia mtu. Na wewe Yuelin, ukiona mwenzako anasitasita, muulize ana maana gani. Mkifanya kazi pamoja, neno halijafika mpaka mwenzako alielewe."

Jumatatu Yuelin alikuja na beseni la maji na sabuni. "Leo tumwogeshe!"

"Hapana," nikasema. "Sungura haogeshwi. Anaweza kufa."

Nilisubiri anune. Akaimwaga sabuni yote kwenye mtaro, akauliza, "Basi tumchane manyoya?"