Jina Lililoitwa Mara Laki Nne

Harufu ya mbege, pombe ya ndizi, iliyochacha ilikuwa ofisini tena. Saa nne asubuhi, Moshi mjini, mwaka 2002. Winfrida alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Ilianza juzi, alipotafuta jina la marehemu mama mkwe wake, Mektrida, katika faili la waliozikwa parokia za Rombo. Faili lilikuwa na mistari laki nne, na kila programu aliyolifungulia iliganda. Akaandika skripti fupi kwa Perl, lugha ya kompyuta: soma mstari mmoja, uliza kama Mektrida yumo, kisha nenda unaofuata, hadi wa mwisho. Kufumba na kufumbua, akampata.

Jioni ileile binti yake wa miaka minne, aliyepewa jina la bibi huyo, alishikwa na homa. Hospitali hawakuona ugonjwa.

"Skripti yako inafanyaje?" aliuliza Gidioni, mwenzake wa meza ya pili, kwa sauti ya chini.

"Inauliza jina kwenye kila mstari."

"Na mbege ulimwaga wapi?"

"Usinitanie, Gidi. Majini ni ya watu wa Pwani."

"Na sisi tuna wafu wetu. Marehemu huitwa mara moja, kibuyu mkononi. Wewe umemwita mara laki nne, mikono mitupu."

Winfrida aliifuta skripti. Mchana huo alimbeba mtoto hadi kihambani, shamba la migomba la wakwe, juu ya Tarakea. Wifi yake, Theodora, aliyekwisha kupigiwa simu, alimsubiri kaburini na kibuyu cha mbege na jani la isale, la kuombea msamaha.

"Msomi wetu," alisema Theodora. "Hata mbuzi haitwi hivyo." Akamwaga mbege. "Mama, isale hili hapa. Samehe, hakujua. Rudi ulale."

Homa ikashuka. Mtoto akafumbua macho, akaomba maji, na Winfrida alikuwa bado anashukuru pale mtoto, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, alipoanza kutaja majina kwa sauti nzito ya kikongwe, jina na mwaka wa kuzikwa, jina na mwaka, kwa mpangilio uleule wa mistari ya mwisho ya faili, ambayo Winfrida aliichapa kwa mkono wake wiki iliyopita, hadi akafika mstari wa mwisho kabisa.

Mtoto akameza mate. Kisha akaendelea.

"Theodora," alisema. "Elfu mbili na mbili."

Kibuyu kikamponyoka wifi.