Marashi Kwenye Kompyuta ya Badria

Kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, nyumba ya Bi Biasha hufukizwa udi. Nyumba yenyewe ni fleti ya ghorofa ya tatu katika majumba marefu ya Michenzani, vyumba viwili na ukumbi, na kazi ya kuifukiza ni ya Muzdalifa, binti yake wa miaka kumi na miwili. Huwasha makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akapita chumba kwa chumba. Akimaliza huchukua mrashi, ile chupa ya shingo ndefu yenye vitundu kwenye kifuniko, akanyunyiza marashi ya mawaridi kwenye mapazia na mito. Mama yake hupita nyuma akinusa, na pembe isiyonukia hurudiwa.

Zamani Muzdalifa hakuichukia kazi hii. Lakini tangu mwezi wa Januari alikuwa akichukia kila kitu cha nyumba ile, kwa sababu mwezi huo ndio aliokuja Amne.

Amne alikuwa binti wa mjomba wake, wa Uroa. Alikuwa amemzidi Muzdalifa mwaka mmoja, na alipofaulu kuingia skuli ya mjini, baba yake, Mjomba Usi, alimwomba dada yake Bi Biasha amkalishe. Kwa hiyo Muzdalifa akagawana naye kitanda, kabati, na hata msumari wa kutundikia mkoba. Walipokuwa wakionana siku za Idi tu walipendana. Walipolala kitanda kimoja wakawa paka na panya. Mama yake Amne hulima mwani ufukweni, basi Muzdalifa akamwita Amne "Bi Mwani", na kila Amne aliporudi kutoka kwao, yeye huziba pua na kufungua madirisha. Amne naye hakuwa mnyonge. Alimjibu kwamba pua inayonusa watu ni pua iliyokosa kazi. Wiki ya kisa hiki walikuwa hawasemezani ila kwa kugombana.

Katika pembe ya ukumbi kulikuwa na kompyuta ya Badria, dada mkubwa wa Muzdalifa, aliyekuwa akisoma chuo. Kwa muda wa miezi minane Badria alikuwa akiandika ripoti juu ya wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki. Maelezo, picha na sauti za wanawake arubaini, vyote vilikuwa humo. Jumatatu ya wiki iliyofuata alitakiwa aiwasilishe, na asiyewasilisha hurudia mwaka. Mwalimu wake alimwambia aweke nakala mahali pengine. Badria alisema ataweka kesho, na kesho ya Badria, kama wajuavyo watu wote wa nyumba ile, haina tarehe.

Muzdalifa alikuwa amepigwa marufuku kuigusa kompyuta hiyo tangu alipoijaza michezo ikawa inakwenda kwa kujikokota. Amne, kwa kuwa ni mtulivu, aliruhusiwa kusomea. Hilo ndilo lililomkaa Muzdalifa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Alkhamisi ya wiki hiyo, Amne alichomeka flashi aliyopewa na mwalimu wa sayansi, akasoma maelezo yake, akazima kompyuta na kuifunika kitambaa cha kudarizi. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Muzdalifa akapita na mrashi wake. Badria alikuwa ameonya mara nyingi kwamba chetezo na mrashi visisogee pembe ile. Lakini Muzdalifa alikiona kile kiti alichokalia Amne, na damu ikamchemka.

"Hapa ndipo panapotaka marashi kuliko kwengine kote," alisema kwa sauti, makusudi asikike jikoni. "Harufu ya mwani haitoki kwa tone moja."

Akautikisa mrashi juu ya kiti kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Akautikisa na juu ya meza. Kifuniko kikachomoka, na nusu chupa ya marashi iliyobaki ikamwagika juu ya kasha la kompyuta, ikapenya kitambaa na kuingia kwenye matundu ya juu.

Muzdalifa alisimama pale akiwa na chupa tupu mkononi. Jikoni vyombo viligongana. Amne alikuwa amesikia tusi, lakini hakuona kitu. Haraka haraka Muzdalifa akafuta kasha kwa ncha ya mtandio wake, akageuza kitambaa upande mkavu ukae juu, akakirudisha. Alijiambia kwamba maji hukauka. Mama yake alipopita akinusa, alisifu kwamba leo ukumbi umenukia vizuri.

Ijumaa Badria alirudi kutoka chuoni akiwa na haraka ya kumaliza kurasa za mwisho. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, alama ya kuwakia ikatokea kwenye kioo, kisha kioo kikawa cheusi. Ikajiwasha tena. Ikazima tena. Akachomoa umeme, akachomeka upya, na kompyuta ikarudia mchezo ule ule, inafika mlangoni na kurudi. Mara ya kumi Badria alipiga meza kwa kiganja na kuuliza ni nani aliyeigusa.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Muzdalifa aliiona, na akaiacha ipite.

"Jana Amne alichomeka flashi," alisema.

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu.

Amne akatoka chumbani. "Nilichomeka, nikasoma, nikazima kama ulivyonifundisha, da Badria. Niliiwacha nzima."

Badria hakusikia. Hofu ilikuwa imeshageuka hasira, akamwambia mtoto wa watu maneno ambayo hata msemaji baadaye huyaonea haya: kwamba flashi za skuli zimejaa virusi, kwamba watu wengine wakionyeshwa hisani huilipa kwa hasara, na kwamba akirudia mwaka atajua wa kumlaumu. Bi Biasha alijaribu kuwatuliza akashindwa. Mwishowe naye akachoka, akasema kesho kutwa atampigia simu Mjomba Usi aje amchukue binti yake kwa muda, maana nyumba haikaliki. Amne hakulia. Alikunja sare zake moja moja, akazitia mkobani, na usiku akatandika mkeka ukumbini. Muzdalifa akakipata kitanda chote peke yake, na hakukifaidi hata kidogo.

Jumamosi, saa nne asubuhi, akaja Fundi Mahfoudh. Alikuwa akikaa jengo hilo hilo, ngazi ya pili, na anajulikana kwa mambo mawili: mikono mizuri na ulimi mkali. Watoto wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kuwatazama. Akaiwasha kompyuta mara tatu, akaitazama inavyofika na kurudi, kisha akauliza swali moja.

"Kabla haijaharibika, ilifanywa nini? Nataka la mwisho kabisa."

Badria akamweleza habari ya flashi. Fundi akatikisa kichwa. Akasema hivyo ndivyo virusi wanavyofanya, hula mfumo mpaka kompyuta haijui tena jinsi ya kuamka. Dawa yake ni kupiga window, yaani kufuta kila kilichomo na kuweka mfumo mpya.

"Na kazi yangu?" aliuliza Badria. "Huwezi kuichomoa ile diski ukaninakilia kwenye mashine yako kwanza?"

"Diski yenye virusi siichomeki kwenye mashine yangu," alisema fundi. "Nshafanya hivyo mara moja kwa huruma, nikaua kazi za watu sita. Nakala huna?"

Badria alikiri kwamba hana. Fundi akamwambia kwamba msomi wa chuo asiye na nakala ni sawa na mkulima aliyekula mbegu zote. Wala hakucheka aliposema hivyo.

Badria alijaribu kutafuta fundi mwengine kwa simu. Mmoja alikuwa shamba, mwengine alisema aletewe Jumanne. Ripoti ilitakiwa Jumatatu. Kurasa za mwanzo alikuwa nazo kwa karatasi chuoni, na akiwa na kompyuta nzima leo, huenda angeweza kuandika upya japo nusu. Akakaa kitako sakafuni akawaza. Mwisho akasema, "Fanya, fundi."

Fundi Mahfoudh akachomeka flashi yake. Mara ya kwanza kompyuta ikagoma, ya pili ikakubali. Kwenye kioo kikatokea kisanduku kinachouliza kama kila kitu kilichomo kifutwe. Badria akageuza uso ukutani. Mlangoni alisimama Amne na mkoba wake begani, na macho yake hayakuwa kwa mtu yeyote.

Muzdalifa alikuwa ameegemea kabati. Alijua jambo moja ambalo hakuna mwengine aliyelijua katika chumba kile: kwamba virusi hakuna. Fundi mwenye mikono mizuri alikuwa anakwenda kuua sauti za wanawake arubaini kwa kutibu ugonjwa ambao Muzdalifa mwenyewe ameubuni. Kidole cha fundi kikashuka kwenye kibodi.

"Usibonyeze," alisema Muzdalifa. "Si flashi. Nimeimwagia marashi. Alkhamisi. Kifuniko kilichomoka."

Fundi akainua kidole. Badria akageuka, akainuka, na mkono wake ulikuwa juu tayari. Bi Biasha akaudaka hewani.

"Tangu jana unanitazama nalia," alisema Badria. "Tangu jana."

Fundi akamuuliza Muzdalifa kwa ukali ni marashi kiasi gani, yameingilia wapi, na kompyuta ilikuwa imewashwa au imezimwa. Akajibu yote bila ya kupunguza. Mama yake alipouliza marashi yalikuwa yakitafuta nini pembe ile, akasema na hilo pia, kwamba alikuwa akikinyunyizia kiti cha Amne kwa sababu ya harufu ya mwani. Amne alitazama sakafu.

Fundi akachomoa umeme, akafungua kasha. Harufu ya mawaridi ikatoka kama mlango wa nyumba ya harusi umefunguliwa. Nyumba nzima ilikuwa ikinukia tangu Alkhamisi, ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Akachomoa kadi mbili nyembamba za memori, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Meno ya dhahabu ya kadi hizo yalikuwa yameganda utando mweupe.

"Nani ana kifutio cha penseli?" aliuliza.

Muzdalifa akaleta chake cha skuli. Fundi akasugua meno ya kadi taratibu, upande huu na upande ule. Akapangusa mahali pake kwa brashi kavu na spiriti kidogo, akaliweka kasha wazi mbele ya feni kwa karibu saa nzima. Kisha akarudisha kila kitu na kumwambia Badria abonyeze mwenyewe.

Feni ikavuma. Alama ikatokea. Kioo kikawa cheusi, na Badria akafumba macho. Alipoyafumbua, picha ya ufukwe wa Uroa ilikuwa imejaa kwenye kioo, na jina la ripoti yake lilikuwa pale pale alipoliacha.

Fundi Mahfoudh alikusanya vyombo vyake na kumwita Muzdalifa. Naye akaitika naam, akasogea.

"Fundi ni kama tabibu," alimwambia. "Ukiumwa jino ukamwambia tumbo, atakupa dawa ya tumbo, na kosa halitakuwa lake. Ungesema Alkhamisi, ilikuwa kazi ya kuanika tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kilitaka kumuumbua asiyekuwamo."

Badria alinakili kazi yake kwenye flashi mbili kabla fundi hajamaliza kushuka ngazi. Akamwendea Amne, akamwomba radhi kwa kila neno alilomtupia, na akasema radhi hiyo mbele ya wote kama alivyosema yale matusi. Jumatatu akawasilisha. Muzdalifa alipewa adhabu moja tu na mama yake: Mjomba Usi alipigiwa simu, naye Muzdalifa akatiwa simu mkononi na kutakiwa aeleze mwenyewe kwa nini binti yake alikuwa afukuzwe. Yalikuwa maneno machache, na alitamani afagie ngazi zote za Michenzani kuliko kuyasema.

Usiku wa Jumamosi hiyo Muzdalifa alimwomba radhi Amne. "Nimesikia," alijibu Amne, akageukia ukuta. Hakusema amemsamehe, na Muzdalifa hakuwa na uso wa kumuuliza.

Siku zikapita hivyo. Alkhamisi ikafika, Amne amekaa penye kompyuta na vitabu vyake. Muzdalifa akamaliza kufukiza, akasimama mbali na meza, mrashi mkononi.

"Amne," alisema. "Nipe mikono yako."

Kwa desturi yao, marashi ya viganjani hupewa mgeni anayeheshimiwa. Amne alimtazama. Kisha akazima kompyuta, akaifunika kwa mfuko wa nailoni, akauvuta chini pande zote nne, akauhakikisha. Ndipo alipoinuka na kuja katikati ya ukumbi.

Bi Biasha, aliyekuwa akipita nyuma akinusa, akasita mlangoni.

"Muzdalifa, mwanangu," alisema. "Uongo wako ulikuwa maneno manne. Nao ulitaka kula miezi minane ya dada yako na skuli ya mwenzako. Kukosea tutakosea sote humu ndani. Lakini kosa lisemwe siku ile ile, na aliseme aliyelifanya, kabla halijatafuta mtu mwengine wa kumkalia. Umenifahamu?"

"Naam, mama."

Amne akanyoosha viganja vyake, bado hajatabasamu. Muzdalifa akakikaza kifuniko cha mrashi kwa mikono miwili, akakijaribu tena, kisha akanyunyiza.