Ladha ya Udongo wa Nyumbani

Keziah alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila asubuhi alikula mawe.

Yalikuwa mawe laini ya udongo, ya rangi ya kijivu. Kwao Vihiga, magharibi mwa Kenya, huitwa odowa, na wanawake wengi wajawazito huyatafuna. Mumewe, Elphas, alikuwa fundi wa viyoyozi mjini Riyadh, Saudi Arabia. Akishatoka kwenda kazini, Keziah alifunga mlango wa chumba chao mtaani Al-Shumaisi, akachagua kijiwe kimoja kwenye mfuko. Kwanza alikinusa. Kilinukia kama shamba la mama yake, mvua ya kwanza inapogonga vumbi.

Hapo alifumba macho na kuliona jiko la nyumbani. Aliona sakafu iliyosirib­wa upya, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa. Mama alipasua jiwe kubwa kwa mgongo wa panga, akawagawia wanawe vipande.

"Hiki cha Metrine. Hiki cha Keziah. Msimwambie baba yenu!"

Metrine ndiye dada yake mkubwa. Sasa alikuwa Jeddah mwaka wa nane, akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja huko Al-Safa. Ijumaa alipopewa nafasi, alikwenda mtaa wa Ghulail, kwenye maduka madogo yanayouza vitu vya Afrika. Huko alinunua odowa, akampa dereva wa basi ampelekee mdogo wake Riyadh.

"Mzigo umefika?" aliuliza kwa simu.

"Umefika, dada. Nimenusa tu, machozi yakanitoka."

"Kula, mdogo wangu. Mama hayupo karibu. Mimi ndiye mama yako huku."

Vijiwe viwili kwa siku vikawa vitano. Vitano vikawa kumi. Kisha Keziah akaanza kuchoka. Kichwa kilimuuma. Tumbo lilisokota na choo kikawa kigumu. Aliweka chumvi kwenye mboga mara mbili bila kukumbuka.

"Ni joto la Riyadh," Elphas alisema. "Na mimba ya kwanza ni ngumu."

Jirani yao wa ghorofa ya juu aliitwa Mirriam. Alikuwa Mkenya pia, akifanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Jioni moja alishuka kuwasalimu. Alipomtazama Keziah, aliona unga wa kijivu pembeni mwa mdomo wake.

"Keziah, unakula odowa?"

Keziah akajifuta mdomo haraka. Aliona aibu. Elphas aligeuka, akamkodolea macho mkewe.

"Usione aibu," Mirriam alisema. "Mimi pia nilikula nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nilisikia hamu hadi mate yakanijaa. Mara nyingi hamu hiyo huja damu ikipungua mwilini. Lakini mawe hayaongezi damu. Na mengine yana risasi."

"Risasi ya bunduki?" Elphas akauliza.

"Madini hayo hayo. Yapo ndani ya udongo wa sehemu fulani. Huwezi kuyaona, huwezi kuyanusa. Ukiosha jiwe, hayatoki. Ukilichoma, hayatoki."

"Lakini Mama alikula," Keziah akasema. "Na sisi tulizaliwa wazima."

"Huenda mawe ya mama yako hayakuwa na risasi nyingi. Haya ya dukani yametoka machimbo gani? Nani anajua? Haba na haba hujaza kibaba, Keziah. Kidogo cha leo hakitoki chote. Kinaingia kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mwili huchukua madini ya mifupa kumjenga mtoto. Risasi nayo hutoka hapo na kumfikia. Inaweza kudhuru ubongo wake kabla hajazaliwa."

Keziah aliweka mkono tumboni. Mtoto alikuwa akicheza.

"Sasa nifanye nini? Kuna mama mmoja hapa anauza majani ya kusafisha mwili."

"Usinywe. Hakuna majani yanayotoa risasi, na mengine yanaweza kuwa na sumu yake. Acha mawe leo. Kesho mwambie daktari, usimfiche. Omba upimwe damu."

Mirriam aliuliza pia kuhusu vitu vingine vinavyoweza kuwa na risasi. Je, Keziah alipaka wanja wa unga? Je, Elphas alishika betri kuukuu kazini, au kukwangua rangi za zamani? Elphas alikiri kwamba wakati mwingine alikwangua rangi ukutani.

"Basi vua nguo za kazi mlangoni, zifuliwe peke yake. Oga kabla ya kumshika mkeo."

Majibu ya damu yalikuja baada ya siku chache. Damu ilikuwa kidogo. Risasi ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu. Alimwambia ale dengu, nyama, mboga za majani na machungwa, na anywe maziwa au laban, yaani mtindi wa kunywa. Mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo.

"Lakini dawa kubwa," daktari alisema, "ni kutoongeza nyingine."

Kumpigia Metrine simu ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Keziah alieleza yote.

"Kwa hivyo nimekuwa nikikutumia sumu," Metrine alisema.

"Hukujua, dada."

"Nilijiita mama yako!"

"Na wewe je? Unakula?"

"Kila siku," Metrine alisema. "Miaka minane, Kezi. Nikimaliza kupiga deki, nakaa peke yangu, natafuna kimoja. Kwa dakika tano niko jikoni kwa Mama. Halafu madam ananiita."

Sasa wote wawili walilia.

Kesho yake Metrine alimwomba madam ampeleke kupimwa. Aliogopa ataambiwa kwa Kiarabu "mafi", yaani hakuna. Madam alisikiliza, akatazama jiwe alilomwonyesha, akavaa abaya yake, wakaenda hospitali. Risasi ya Metrine ilikuwa juu kuliko ya mdogo wake. Alitupa mfuko wote. Ijumaa iliyofuata alikwenda Ghulail bila kununua odowa. Alisimama dukani na kuwaeleza wanawake aliowakuta. Wengine walimcheka. Wawili waliuliza hospitali iko wapi.

Kuacha hakukuwa rahisi. Keziah aliota mawe. Basi dada hao wakapatana: hamu ikimshika mmoja, ampigie mwenzake.

"Imenishika," Keziah alisema.

"Haya. Unakumbuka ng'ombe wetu mweupe aliyeingia kanisani siku ya ubatizo?"

"Na mchungaji akaendelea kuhubiri!"

Walicheka, na hamu ikapita. Siku nyingine walimpigia Mama mwenyewe. Aliwasimulia kuhusu migomba na majirani. Naye, baada ya kubishana wiki mbili, akaacha odowa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Januari, msichana, kilo tatu na nusu. Walimpima. Daktari aliridhika: risasi ilikuwa kidogo sana. Damu ya Keziah ilikuwa imeongezeka, na maumivu ya tumbo yalikwisha.

Metrine alipata likizo mtoto alipofika miezi saba. Alisafiri kwa basi siku nzima kutoka Jeddah. Hakunywa hata chai kwanza. Alinawa mikono, akampakata mtoto, akamwita kwa jina la bibi yao kwa Kilogooli, lugha ya kwao. Mtoto alimshika kidole na kukivuta kinywani.

"Vipimo vyako vinasemaje, shemeji?" Elphas aliuliza.

"Vimeshuka karibu nusu. Ile iliyo kwenye mifupa itachukua miaka, wanasema."

"Miaka mingapi?"

"Mingi," Metrine alisema. Alimweka mtoto chini kwenye mkeka, na mtoto akaanza kutambaa kuelekea mlangoni. "Acha ichukue. Mimi niko hapa, nataka kumwona huyu akitembea."