Kidole Ndani ya Subana

Kila akitoka shule, Chiriku alikwenda kushona vifungo katika chumba cha ushonaji cha mama yake. Wateja ndio waliombandika jina hilo, maana mdomo wake haukupoa hata akitafuna. Vifungo aliruhusiwa. Cherehani, marufuku.

Siku moja mama alitoka kununua uzi. Chiriku akakalia kiti chake, akakanyaga pedali ya cherehani. Sindano ilishuka kwenye kidole cha shahada, ikavunjika. Alifuta damu, akabadilisha sindano, kisha akakificha kidole ndani ya subana, kile kikofia cha chuma cha kukingia ncha ya kidole. Nani angeshangaa mshonaji kuvaa subana?

Tangu hapo hakuivua ila kwa kujificha. Kidole kilianza kupwita, kikawa cha moto. Mara akaona majimaji mazito ya manjano. "Afadhali, uchafu unatoka," alijiambia. Akakikamua huku akiuma meno, akairudisha subana.

Kesho yake alishona kimya.

"Chiriku, umemeza kifungo?" alitania mpiga pasi wa mama. "Leo hata hujanitukana!"

Hakucheka. Mama akainua macho. "Lete mkono."

"Ni subana tu, mama."

"Nimesema lete!"

Mama alivuta subana. Haikutoka. Kidole kilikuwa kimevimba kikaijaza, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na kiwiko. Mwili wa mtoto ulichemka kwa homa. Mama aliacha nguo ya mteja chini ya sindano, wakaondoka mbiombio.

Kwenye zahanati, tabibu aliikata subana kwa koleo. Usaha ulichuruzika, na harufu yake ikamfanya mama ageuze uso.

"Nitakatwa kidole?" Chiriku aliuliza.

"Kwanza niambie ukweli. Kiliingia nini humu?"

Alimtazama mama. "Sindano ya cherehani. Ilivunjika... ncha yake sikuiona. Uchafu ulipotoka, nikaukamua."

Mama alifumba macho, lakini mkono wa bintiye hakuuachia.

Tabibu alimchoma sindano ya ganzi, akapasua, akatafuta. Mwishowe, kitu kikalia ting! ndani ya bakuli.

"Kidole utabaki nacho," alisema. "Ila usaha si uchafu unaojitokea. Damu ina chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Zikipigana na vijidudu, zinazokufa hukusanyika pamoja na maiti za adui. Huo ndio usaha. Ukiuona, jua vita bado vinaendelea. Usikamue, utawasukuma adui ndani. Na mstari huu mwekundu unasema adui ameshavuka mpaka. Mngelala nyumbani leo..."

Chiriku alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa za kumaliza zote, hata akijisikia nafuu.

Kidole kilipopona, mama aliitundika ile subana iliyokatwa ukutani, juu ya cherehani, akamkalisha bintiye kwenye kiti.

"Kutumia cherehani nitakufundisha mwenyewe. Ila shika neno hili, mwanangu. Kuchomwa, hata mimi nimechomwa. Kuficha ndiko kulikotaka kukumaliza. Mwili wako ulipiga kelele, wewe ukauziba mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sitaficha tena, mama. Hata mwiba nitasema! Hata mbu akiniuma! Hata—"

"Mungu wangu," alisema mpiga pasi, "mrudishieni kifungo chake ameze."