Boliti Nne za Munje

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha bucha, Ukunda. Nzi, harufu ya mbuzi, na ramani iliyochorwa kwa mkaa juu ya meza. Maxwell, mkubwa wa genge, aliigonga kwa mdomo wa bastola.

"Zahanati ya Munje. Saa saba wanaume wote wako msikitini. Ndani kuna nesi tu. Muasya anafungua boliti nne, Rai yuko kwenye usukani. Dakika kumi, tushatoka."

"Na simu iwe nzima," alisema Onesmus, bwana wa afisi aliyekabidhiwa mfuko wa umma wa kupeleka simu vijijini. "Jumatatu naizindua Lunga Lunga."

Simu yenyewe ilikuwa moja tu, ya redio, isiyohitaji nyaya. Vijiji vilikuwa vitatu sasa. Onesmus huizindua, hupigwa picha na wazee, karatasi hutiwa sahihi kwamba kijiji kimepata simu mpya. Siku ya pili majambazi huivamia. Poleni, wananchi! Kisha simu ile ile huenda kijiji kingine, na mfuko hulipa upya. Jizi lenye tai hilo, linaiba na kupewa pole.

Muasya ndiye aliyeifunga, na ndiye aliyeifungua. Alikuwa fundi wa simu aliyepunguzwa kazini, na hakupata mwajiri mwingine ila hawa. Kule Taru aliing'oa bila kukwaruza ukuta. Siku nne baadaye dadake Kavata, aliyeolewa huko, alijifungua akavuja damu. Shemeji alikimbilia simu, akakuta mashimo manne ukutani.

Muasya hakulia mazishini. Alijichukia tu, na hadi leo alikuwa akijichukia.

"Mbona kimya, fundi?" Maxwell aliuliza. "Uko fiti?"

"Niko."

Mfukoni alikuwa na tupa ya kunolea chuma. Hakuna aliyemwuliza ni ya nini.

Saa saba na dakika tano.

Rai aliegesha pikapu chini ya dirisha. Ndani, nesi Mwinga alikuwa ameishika simu. Nyuma ya pazia mwanamke alikuwa akiugulia.

"Weka chini, mama," Maxwell alisema.

"Kanze ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Naitafuta gari ya hospitali, Msambweni. Niacheni nipige, kisha chukueni. Nawaomba kwa jina la Mungu."

Maxwell alimsukuma kando. "Fundi, fanya kazi, haraka."

Muasya alipachika spana. Ikateleza. Akapachika tena. Ikateleza.

"Nini?"

"Hazishiki."

"Si ulifunga mwenyewe?"

"Nilifunga. Kisha vichwa vyote nikavipiga tupa, vikawa duara. Spana haishiki hapo. Simu hii haitoki ila uivunje. Ukiivunja, Onesmus atazindua vigae?"

Maxwell alimwelekezea bastola. "Nitakumaliza, we!"

"Nimalize. Msikiti uko hapo ng'ambo ya njia, mlio watausikia wote. Dadangu nilimwua kwa spana hii hii. Hapa Munje huchukui kitu."

Nje pikapu iliunguruma. Rai, akiwa chini ya dirisha, alikuwa amesikia yote. Ushujaa wa genge ulikuwa mpaka hapo, kwani kila mtu na roho yake. Akatia gia akaondoka.

"Rai! We Rai!" Maxwell alipiga kelele. Hasira zikampanda, akafyatua.

Saa saba na dakika ishirini.

Risasi ilimpata Muasya pajani. Maxwell alitoka mbio, akakutana uso kwa uso na kijiji kizima chenye kanzu. Bastola aliitupa mwenyewe.

Wengine waliujaza mlango wa zahanati, mawe mkononi. "Na huyu naye mwizi!"

"Ndiyo, mwizi," Muasya alisema, ameegemea ukuta chini ya simu, damu ikimtiririka. "Nimeiiba simu hii mara mbili, na anayenituma ni Onesmus, aliyepigwa picha nanyi hapa jana. Leo nimekataa. Nipigeni mkitaka, lakini simu msiiguse."

Mawe hayakurushwa. Mwinga alimfunga paja kwa leso yake, akakimbilia simu.

"Nipige wapi kwanza?" alimwuliza. "Polisi au hospitali?"

"Hospitali," Muasya alisema. "Polisi watanikuta. Mimi na hiyo simu hatutoki hapa."