Hatuchukui Kitu

Kijiko kilipomponyoka Marikita mara ya kwanza, watu walicheka. Kilipomponyoka mara ya pili na wali mwekundu ukamwagika mapajani, hakucheka mtu. Ilikuwa Jumapili mchana, jua la kijiji chetu cha Humatak linachoma mabati.

"Mkono una nini?" mama yake, Engracia, akauliza.

"Umekufa ganzi tu, Mama. Jana nilirusha sana."

Mjomba Encho, kaka yake Engracia, hakujizuia. "Mrusha kombeo gani huyu anashindwa na kijiko? Na Jumamosi ijayo tumpe usukani wa ngalawa mpaka kisiwa cha Luta? Si tutajikuta Japani!"

Engracia akampandisha binti yake mkono wa fulana. Lo! Juu ya kiwiko cha kulia palikuwa na alama tano nyeusi, nne upande huu, moja upande ule. Vidole. Tena vya mtu mkubwa kuliko yeyote aliyekaa pale mezani.

"Yesu, Maria na Yosefu," Engracia akanong'ona.

Nasio, baba wa msichana, aliinamia sahani yake. Ni mtu wa kwetu na ninampenda, ndiyo maana namsema wazi: alijua tangu dakika ile, na akaendelea kutafuna.

Huyu Nasio ndiye aliyeturudishia kombeo. Ufundi ule ulikuwa umebaki kwenye nembo ya kisiwa na fulana za watalii. Alijifunza peke yake, akasuka kamba za makumbi, akavunja vioo viwili vya gari na tangi la maji la jirani, hadi akapata wanafunzi arobaini. Na heshima alifundisha pia. Kwenye msitu wenye nguzo za mawe huingii kama unaingia dukani. Pana watu wa kale, taotaomo'na, ambao wengine wangewaita majini; kwetu ni mababu waliokufa kabla ya padri wa kwanza kufika, na hawajahama. Lazima uombe, kwa sauti. Alhamisi ya wiki ile Nasio aliwapanga wanafunzi ukingoni mwa msitu, akatamka nao wakamfuatisha: "Babu, bibi, turuhusuni tupite. Hatuchukui kitu."

Wakati wa kutoka, yeye akiwa wa mwisho, akaliona. Jiwe la kombeo, jeupe, limechongwa ncha mbili, likamjaa kiganjani kama yai. Alilitia mfukoni. Alijiambia ni la kufundishia. Kufundishia nini! Alilitamani, basi.

Jumamosi, siku moja kabla ya chakula kile, mazoezini Marikita akalichomoa kwenye mfuko wa baba yake, akidhani ni mojawapo ya yale ya udongo ya kufanyia mazoezi, akalirusha, likapiga shabaha katikati. Alilikimbilia, akalirudisha anacheka. "Baba, hili linajua njia!" Naye Nasio akalipokea, akalirudisha mfukoni.

Sasa, pale mezani, ikaanza sauti. Vuuu, vuuu, juu ya paa, kombeo linazungushwa, na nje hakuna mtu wala upepo. Halafu harufu, ya udongo mbichi na popoo iliyotafunwa, ikapita chini ya mlango, ikazunguka meza, ikampita Encho, ikampita Engracia, ikasimama nyuma ya kiti cha Marikita, naye akakaza macho mbele bila kupepesa, kwa sababu kuna pumzi ilikuwa inampiga shingoni, ya baridi, ya taratibu, pumzi ya mtu asiye na haraka yoyote.

"Shemeji," Encho akanong'ona, mzaha wote umemwisha, "kamlete Tan Lole. Sasa hivi."

Tan Lole, yule bibi mganga wetu, alikuja na chupa yake ya mafuta na majani kwenye kikapu. Aliushika mkono kidogo tu, akauachia.

"Kashikwa huyu. Nani kawadanganya wazee kule msituni?"

Marikita akaanza kulia. "Ni mimi, bibi. Nilibanwa na mkojo, nikaenda nyuma ya nguzo bila kuomba. Wavulana walikuwa karibu, niliona haya."

Nasio alikuwa amesimama mlangoni. Wanafunzi arobaini watasemaje, mwalimu wa heshima? Akamwacha mtoto aombe msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lenyewe. Tan Lole akasugua, akawasihi wazee wamwachie mjukuu wao. Sauti juu ya paa ikazidi kasi. Mkono ukavimba hadi begani, na mbele ya macho yao alama tano nyingine zikachomoza, mkono wa pili huo, karibu na koo.

Engracia akapiga yowe.

"Ni mimi!" Nasio akasema. "Mtoto hana kosa. Niliwaambia hatuchukui kitu, nikachukua."

Tan Lole akaifunga chupa yake ya mafuta. "Na ukamwacha huyu akajibebesha lawama."

"Ndiyo, bibi."

"Basi waite wote waliokusikia ukiahidi. Jua halijazama bado."

Wakaja wanafunzi ukingoni mwa msitu na kandambili zao, wengine wakiwa bado wanatafuna, na Marikita akabebwa hadi pale, ile sauti ikimfuata juu kwa juu. Nasio akayasema yote mbele yao, akaingia msituni peke yake, akalirudisha jiwe palepale alipolitoa. Alipotoka, ile sauti ilikuwa imekatika. Marikita alikuwa anakunja vidole vyake na kuvikunjua, huku Engracia anamkumbatia na kulia. Wanafunzi walitawanyika bila kumuaga mwalimu wao.

Baba na binti wakarudi kwa miguu, wengine wametangulia. Wakafika darajani.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Zile alama za shingoni zisingetoka, ungesema?"

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza Nasio zaidi. Angekuwa na hasira angejua pa kuanzia. Alimtazama mtoto wake, ule mkono uliopona, uso unaosubiri.

"Ningesema," akajibu. "Ningeachaje kusema, wewe ni mwanangu."

Marikita akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamshika mkono wa kushoto. Na kwenye ule wa kulia, chini ya shati, Nasio akahisi vidole vitano vya baridi vikimkamata juu ya kiwiko, kimoja baada ya kingine, kisha vikakaza.